Fisi Mlinzi wa Bwawa

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, na huyo mdogo msogezeni karibu nami, asikae huko mlangoni. Paukwa!

Pakawa!

Zamani, zamani za ukame ule mkubwa, mito ilikauka, visima vikakauka, likabaki bwawa moja tu. Mlinzi wa bwawa alikuwa Fisi. Msiniulize nani alimpa kazi. Wanyama walikuwa na kiu, wamechoka, Fisi akasema nitalinda mimi, wakasema haya, linda.

Sasa, Swala alikuwa amezaa. Na swala hatembei na mtoto mchanga. Humficha majanini, humwambia lala, usitikisike, kisha yeye huenda mbali, adui asijue mtoto yuko wapi. Basi akamficha. Akaondoka. Lakini kiwele kilikuwa kinasinyaa, maziwa yanakatika, na bila maji hakuna maziwa, na bila maziwa... haya, twende bwawani.

Akaenda. Tu-tu-tu-tu, kwato kwenye udongo mkavu. Akakuta foleni: Kongoni, Nyumbu, Ngiri, wote vichwa chini.

"Simama hapo!" Fisi akasema. "Wewe umezaa. Tumbo naliona limekwisha. Mtoto yuko wapi?"

"Amelala, Bwana Fisi. Naomba maji."

"Amelala wapi?"

"Amelala tu."

"Shemeji, usinizungushe. Sheria inasema mama hanywi maji mpaka aseme mtoto yuko wapi. Ni kwa usalama wa mtoto."

Moyo wa Swala ukapiga, pu-pu, pu-pu. Akisema, mtoto ataliwa. Asiposema, mtoto atakufa njaa. Akamtazama Kongoni. Kongoni akatazama pembeni.

"Sheria hiyo ilitungwa lini?" Swala akauliza.

"Basi iite kanuni. Kanuni za bwawa."

"Zilisomwa kwa nani? Ngiri, wewe ulizisikia?"

Ngiri akakohoa. "Nilizisikia... kwa Fisi mwenyewe."

"Ni amri!" Fisi akabweka.

"Amri ya nani? Mwenye kutoa amri ni Simba, na Simba kahama tangu mto ulipokauka."

"Utaratibu basi! Utaratibu! Mbona wenzako hawaulizi? Miguu kama vijiti, mdomo kama ngoma!"

Foleni ikacheka, he-he-he, kicheko cha woga.

Swala alitaka kukimbia, jamani. Lakini akikimbia maziwa atayatoa wapi? Akawageukia wenzake, akapaza sauti.

"Sheria zetu tunazitunga sote. Tunasimama duara, anayekubali anapiga kwato chini. Hii nani aliipigia kwato? Nyumbu, ulipiga?"

"Sikupiga."

"Ngiri?"

"Wala. Nilidhani nyinyi mlipiga, mimi sikuwepo."

"Kongoni?"

Kongoni akasema, sauti ndogo kama ya mdudu: "Sikupiga. Ila nilimwambia. Nilimwambia wangu yuko nyuma ya kichuguu. Nikanywa, nikarudi, nikakuta kichuguu tu, mtoto hayupo."

Wote wakamtazama Fisi mdomoni. Fisi akafunga mdomo.

Kongoni akainua mguu. "Kila mwenye kiu anywe, asiulizwe mtoto." Du! Nyumbu, du! Ngiri naye, mkia juu, du! Du! Du! Vumbi likatimka. Fisi akarudi nyuma, akarudi nyuma tena, akaingia kichakani.

Swala akanywa, jicho moja kwenye maji, jicho moja kichakani. Kichaka kilikuwa kimya mno.

"Mbio kwa mtoto, mwenzangu!" Ngiri akamwambia.

"Siendi. Anangoja niende ili anifuate."

Akashika njia nyingine. Kiwele kinajaa, kinauma, mtoto kule ana njaa, moyo unasema rudi, rudi, na yeye anazidi kwenda mbali. Nyuma yake majani, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru.

Halafu, du! Nyuma ya Fisi, Kongoni. Du! Nyumbu. Du! Ngiri. Fisi akienda kushoto, wapo. Akienda kulia, wapo. Hawakusema neno, walipiga kwato tu, hadi Fisi akakunja mkia akakimbia, akavuka kilima, wao nyuma yake.

Hapo Swala akageuka, mbio, tu-tu-tu-tu-tu! Akafika. Majani yametulia. Akaita polepole. Kimya. Akaita tena.

Pua ndogo yenye vumbi ikatokeza majanini.

Sikilizeni basi, wakubwa kwa wadogo. Mtu akikwambia hii ni sheria, hii ni kanuni, hii ni amri, muulize imetoka kwa nani na inamlinda nani. Muulize mbele ya wenzako, usiulize peke yako. Na mwenzako akiuliza, usiangalie pembeni.

Hadithi yangu imeishia hapo majanini. Piteni polepole, mtoto ananyonya.