Saba ya Kopa na Ng'ombe wa Jumbe

Hapo zamani, wakati watu walipoamini kwamba mtu akishavaa kofia ya kazi hawezi kukosea tena, palikuwa na mji uitwao Kibandeni. Kila baada ya mavuno Jumbe wa mji huo alitoa ng'ombe mmoja wa maziwa. Mwanzoni ng'ombe huyo alipewa mtu mwaminifu kuliko wote. Lakini waaminifu walizidi. Kila mmoja alikuja na mashahidi wake, na wengine waliibiana mashahidi njiani. Jumbe akachoka, akasema, "Basi, chezeni karata."

Wakacheza karata.

Desturi yao ilikuwa hivi. Kila mchezaji alileta kitu cha nyumbani kwake, akakiweka kando ya mkeka. Mgawaji aligawa karata tano kwa kila mtu. Ukiona zako mbaya unazifunika, na mchezo ukiisha unachukua kitu chako. Ukizifunua ukashindwa, kitu chako ni cha mshindi. Karata tano za alama moja, kopa tupu au uru tupu, hushinda jozi na hata tatu za kufanana, na mshindi wa mwisho huchukua ng'ombe. Na ukimwambia mgawaji kwamba amekosea, kitu chako kinachukuliwa na mji, maana mgawaji hakosei.

Mgawaji alikuwa Mzee Chande, mwenye tarbushi nyekundu. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini alikataa miwani. "Nikivaa miwani," alisema, "watu watadhani zamani nilikuwa sioni." Kila alipotaja mshindi alipaza sauti, "Karata zimesema!" Na watu wote wakaitikia, "Na mgawaji hakosei!"

Sasa, saba ya kopa ililiwa na mbuzi zamani sana. Mahimbo mwenye duka alikata kipande cha boksi la majani ya chai, akachora kopa saba kwa rangi nyekundu, kikatumika badala yake. Vidole vyenye mafuta ya sambusa vikakifuta mwaka hadi mwaka, hata kopa zile za mviringo zikachongoka zikafanana na uru. Kibandeni nzima ilijua kwamba kile kipande cha boksi ni kopa. Asiyejua ni Mzee Chande peke yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia.

Mwaka huo Tunu alikuja na kitanda cha kamba cha mama yake. Mama alikuwa amejifungua pacha, na maziwa yake yalimtosha mmoja. Yule wa pili alinyweshwa uji mwembamba, akalia mpaka sauti ikakauka.

"Nenda na kitanda," mama alisema. "Lakini urudi nacho, mwanangu. Mgongo huu hauwezi kulala chini."

Asubuhi Tunu alipangwa kucheza na Pazi, fundi mwashi, aliyeleta jogoo. Pazi alifunua jozi ya tisa. Tunu aliona uru nne, akazifunua zote kwa pupa bila kuitazama ya tano. Ilikuwa kile kipande cha boksi, akajua hana kitu. Tayari alikuwa anakiaga kitanda.

Mzee Chande akainama. "Uru tupu! Tunu ameshinda! Karata zimesema!"

"Na mgawaji hakosei!"

Tunu alifungua mdomo. Akamkumbuka yule pacha. Akaufunga. Kando yake alikaa Bi Mkasi mfinyanzi, aliyekuja na mtungi. Bi Mkasi alikitazama kipande cha boksi, akamtazama Tunu, kisha akaanza kujikuna sikio kama mtu asiyeona kitu. Jogoo wa Pazi akafungwa kwenye mguu wa kitanda.

Ilipofika alasiri walibaki watatu kwenye mkeka: Tunu, Bi Mkasi na Mahimbo. Tunu aligawiwa karata zisizojuana hata kwa salamu. Akaukumbuka mgongo wa mama, akazifunika. Kitanda kikapona.

Mahimbo alifunua wafalme watatu, akaanza kupokea pongezi kabla hazijatolewa.

Bi Mkasi alifunua kopa nne na kipande cha boksi. Watu wakashusha pumzi. Pale Kibandeni hata mtoto anayefutwa kamasi alijua kwamba kopa tano zinawashinda wafalme watatu.

Mzee Chande akasogeza pua. "Kopa nne, uru moja. Si kitu! Ng'ombe ni wa Mahimbo! Karata zimesema!"

"Na mgawaji hakosei," watu wakaitikia, safari hii wakitazama miguu yao.

Tunu akamsogelea Bi Mkasi. "Bibi, ile ni kopa."

"Najua ni nini."

"Sasa mbona husemi?"

"Nikisema hapa ni kopa, asubuhi kwako ilikuwa nini? Nyamaza, mjukuu wangu. Chukua kitanda chako uende."

Uso wa Tunu ukawaka moto. Kumbe bibi huyu alikuwa anapoteza ng'ombe ili kumfichia yeye aibu. Na Mahimbo, mwenye ng'ombe wengi mpaka amesahau majina yao, alikuwa ameshashika kamba.

"Mzee Chande, shikamoo," Tunu alisema.

"Marahaba, binti."

"Umekosea."

Jogoo aliwika. Hakuna mwingine aliyethubutu.

"Rudia," Mzee Chande alisema polepole.

"Umekosea sasa, na ulikosea asubuhi. Ile ni saba ya kopa. Asubuhi niliona, nikanyamaza kwa sababu ilinifaa. Sasa siwezi."

Wanaume wawili wakakibeba kitanda kuwa mali ya mji, jogoo akiburutwa nyuma huku akilalamika. Tunu alikitazama mpaka kikapotea. Hapo ndipo watu wa Kibandeni walipopata macho.

"Hata mimi niliona!"

"Mimi nimeona tangu mwaka juzi!"

Jumbe akagonga fimbo, akamnyang'anya Mahimbo kamba. "Karata zimeniharibia mji. Turudi kwenye desturi ya mwanzo. Ng'ombe ni wa aliye mwaminifu kuliko wote. Haya, semeni!"

Mahimbo akasema, "Ni wangu. Sikugusa karata, sikudanganya mtu. Nimepewa, nimepokea. Kwani mimi ni macho ya mgawaji?"

"Lakini wewe ndiye uliyeichora!" mtu mmoja akapaza sauti.

"Ndiyo! Na nilichora kopa. Ningekuwa mwizi si ningechora uru tangu mwanzo?"

Baadhi wakatikisa vichwa kukubali.

Pazi akasema, "Ni wangu. Bila kosa la asubuhi, pale mkekani ningekaa mimi."

"Na wewe uliona?" Jumbe akamwuliza.

"Niliona."

"Ukanyamaza?"

"Kwa heshima ya mzee. Heshima si uaminifu?"

Mzee Chande akavua tarbushi, kwa mara ya kwanza watu wakaona upara wake. "Ni wangu. Miaka yote mlikuwa mnaona, mnaniitikia tu, mkirudi nyumbani mnacheka. Katika mji huu ni mimi peke yangu niliyesema kile nilichokiona."

Watu wakaanza kujikuna masikio.

Bi Mkasi akasema, "Kopa tano zilikuwa zangu. Mengine ni kelele. Nilinyamaza asubuhi, nikanyamaza alasiri, na mara zote mbili nilinyamaza kwa ajili ya mtoto wa mwenzangu. Mkiuita huo uongo, uiteni."

Ikafika zamu ya Tunu. Alitazama pale kitanda kilipokuwa, pakiwa na manyoya mawili ya jogoo.

"Mimi nilinyamaza nilipofaidika," alisema. "Nikasema nilipokuwa napata hasara. Sijui hizo mbili zinafutana au hazifutani. Ninachojua ni kwamba mama leo atalala chini, na pacha mmoja bado analia."

Wakabishana, wakashikana kanzu, wakaanza tena kutafuta mashahidi. Ng'ombe, ambaye hakuna aliyemwuliza neno, aliinamia mkeka, akaitafuna saba ya kopa, akaimeza.

Sasa ushahidi uko tumboni, na kamba iko mkononi mwa Jumbe. Wewe uliyekaa hapa ukisikiliza, ambaye nawe umewahi kumwona mgawaji wako akikosea ukaitikia pamoja na wenzako, njoo uishike. Je, ungemkabidhi nani ng'ombe huyu?