Chaki Begani

Hapo zamani, wala si zamani ya kusahaulika, palikuwa na jamhuri ndogo milimani, na ndani yake fumbo lililomshinda kila aliyelisimulia.

Rais alikuwa ametawala miaka ishirini na miwili. Wananchi wakalalamika kwamba masanduku ya kura yanaibwa. Rais akacheka. "Basi safari hii hakuna sanduku. Kila mtu apange mstari nyuma ya picha ya amtakaye. Sanduku huibwa, mtu ataibwaje mchana?"

Siku ikafika. Katika kata ya Lupando, karani wa kuhesabu alikuwa Tusekile, mwalimu wa darasa la tatu. Akashika chaki. Mtu, alama begani. Mtu, alama begani. Mstari wa Rais ulikomea bombani: watu tisini na wanne. Mstari wa mpinzani ulizunguka shule, ukapita zahanati, ukarudi tena shuleni: watu mia nane na kumi na wawili. Wa mia mbili na tatu alikuwa mama yake mzazi.

"Nipake vizuri, mwanangu," mama alisema. "Hii nitalala nayo."

Tusekile akaandika alichohesabu. Mkuu wa wilaya akaichukua karatasi, akaandika nyingine, akampa. "Soma, mwalimu." Askari mwenye bunduki akasogea nyuma yake. Tusekile akasoma: Rais, mia nane na kumi na wawili, mpinzani, tisini na wanne.

Ambakisye, wakala wa mpinzani, akaletewa fomu. Akatazama mstari, akatazama bunduki, akatia saini.

Na ule mstari? Ukanung'unika, ukavunjika, ukaenda nyumbani, chaki begani.

Rais akaapishwa mara ya tano. Mkuu wa wilaya akapewa uwaziri, akahamia mji mkuu. Mkono wa Lupando haukumfikia. Wenye hasira wakamtafuta wa kufikika. Kikaitwa kikao cha chama cha kuzikana.

"Uongo tuliusikia kwa sauti yako," mwenyekiti alimwambia Tusekile.

"Nilihesabu sawasawa. Aliyegeuza ni mkuu. Mimi nilisoma nilichopewa."

"Ungenyamaza!"

"Na kaka Ambakisye aliyetia saini?"

Ambakisye akainuka. "Dada, mimi niliweka wino juu ya maneno yaliyokwisha kutamkwa. Ningeyarudishaje kinywani mwako?"

Bibi Atupele akagonga mkongojo sakafuni. "Na sisi je? Bunduki ilikuwa moja. Sisi mia nane."

"Kaa chini, bibi! Sisi tulidanganywa."

"Tulidanganywa huku tunatazama?"

Wakamcheka, kisha wakainua mikono. Ikaamuliwa: Tusekile atolewe chamani, na msiba wa nyumba yake usihudhuriwe na mtu.

Wiki ya tatu mama yake akafa. Gauni lake la siku ya kura lilikuwa bado linaning'inia ukutani, alikataa lisifuliwe. Tusekile akaenda kuomba majembe na turubai la chama. Mtunza ufunguo wa ghala alikuwa Ambakisye. Akatoka, akamtazama, akafunga kufuli mbele ya macho yake. Wale mia nane walibaki majumbani mwao.

Tusekile akachimba kwa jembe lake la palizi.

Haya, ninyi mliosikia. Yupo aliyesoma, yupo aliyetia saini, na upo mstari uliokwenda nyumbani. Je, nani alistahili kuchimba kaburi lile peke yake?