Kidole cha Fundi Cherehani

Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, umeme umekatika, na chumba cha fundi cherehani kilinuka mkaa na vitambaa vipya. Nusu ya chumba hicho ilikuwa karakana, nusu makazi, na katikati palining'inia pazia aliloshona mwenyewe. Mkewe alikuwa uani akifunga mizigo, kwani kesho yake alikuwa na safari. Fundi alikuwa akimpigia pasi gauni la kusafiria. Aliiweka pasi ya mkaa ukingoni mwa meza ili aligeuze gauni, mkono wa gauni ukanasa kwenye mpini, na lile pande la chuma likaanguka juu ya kidole gumba cha mguu wake wa kulia.

Hakupiga kelele. Alilishika gauni, akaliuma ukosi kwa meno hadi maumivu yalipopungua makali, kisha akalazimika kuupiga pasi upya ule ukosi. Alipotazama chini, kidole kilikuwa kimeanza kuvimba na kugeuka rangi ya zambarau. Alivaa soksi na viatu haraka kabla mkewe hajaingia. Mkewe alipomuuliza tangu lini anavaa viatu ndani ya nyumba, alijibu kwamba sakafu ina baridi.

Msomaji asimwone mjinga. Binti yao wa pekee alikuwa mjamzito kwa mara ya tatu, na mara mbili zilizotangulia alikuwa amerudi nyumbani mikono mitupu. Mumewe alifanya kazi mbali, na daktari alikuwa amemwamuru alale kitandani mpaka siku ya kujifungua. Binti alimlilia mama yake aende akae naye. Fundi alimjua mkewe vizuri: mwanamke huyo aliwahi kuacha kwenda harusi ya mdogo wake kwa sababu mumewe alikuwa na kikohozi. Akikiona kidole hiki, atafungua mizigo, na binti atabaki peke yake. Basi fundi akaona heri aumie yeye.

Kesho yake alijikaza kisabuni, akambebea mkewe begi hadi kituo cha mabasi, akatabasamu mpaka basi likapotea kwenye kona. Kurudi alirudi akishikilia kuta za watu.

Tiba aliifanya mwenyewe nyumbani. Alikanda kidole kwa maji ya moto yenye chumvi, nacho kikavimba zaidi. Alisikia zamani kwamba kidole kilichovunjika hufungwa pamoja na jirani yake ili kisichezecheze, na hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Mtu mwingine angetafuta kitambaa laini. Yeye alikata kipande cha lastiki, ule mpira anaoutia kiunoni mwa sketi za wanafunzi, maana maisha yake yote aliuamini kuwa hubana bila kuumiza. Akauzungusha kwenye vidole viwili, akauvuta kama anavyouvuta mezani, akaushona mwisho kwa sindano na uzi ili usifunguke. Mshono ulikuwa safi, naye akauridhia.

Mguu wa kulia ndio uliokuwa ukiendesha cherehani. Sasa alikanyaga kwa wa kushoto, na gurudumu likawa linakwenda likisitasita. Kinyozi, rafiki yake waliyepakana naye barazani, hakukawia kumtania kwamba leo cherehani inakwenda kama punda aliyenyimwa majani. Fundi alicheka kidogo. Kinyozi alipomwona anachechemea kwenda kuchota maji, utani ulimwisha. Alimtaka avue kiatu, fundi akakataa. Alimwomba waende zahanati ya pale mtaani, fundi akamwapisha asimwambie mtu.

"Wakinilaza, mke wangu ataitwa," fundi alisema. "Na mwanangu akipoteza na huyu, nitamtazama vipi usoni?"

"Na ukifa wewe, atakutazama vipi?" kinyozi aliuliza.

Fundi aliinua ndoo yake, akachechemea kwenda zake. Kila jioni mkewe alipiga simu. Fundi alimwambia kuwa yu salama salimini, kisha akaisogeza simu karibu na cherehani na kukanyaga kwa nguvu zote, ili mkewe asikie kazi inaendelea. Mkewe alicheka upande wa pili na kusema sasa atalala vizuri. Walipokwisha kuagana, fundi alikilaza kichwa juu ya meza na kulia.

Kisha maumivu yalikoma. Kidole kilikufa ganzi kabisa, hata alipokidunga kwa sindano hakuhisi kitu, naye akamshukuru Mungu akidhani kinapona. Hakuufumua ule mshono wake, kwa kuwa aliona unafanya kazi. Harufu iliyotoka kiatuni aliisingizia unyevu wa mvua. Hatimaye homa ikampanda, akaanguka kati ya kiti na cherehani, na kinyozi akamwacha mteja wake amenyolewa nusu kichwa ili ambebe hadi hospitali.

Daktari aliutafuta ule mpira kwa koleo, kwa kuwa ulikuwa umezama ndani ya nyama. Alieleza bila kuficha kwamba mfupa ulikuwa na ufa mdogo tu, ambao ungeunga wenyewe kwa mapumziko. Kilichouua mguu ni kule kubanwa damu isipite. Sasa ilibidi nusu ya wayo ikatwe siku hiyo hiyo, na ndugu wa karibu aitwe, kwani haikujulikana kama mgonjwa angeamka. Kinyozi alivunja kiapo chake, akampigia simu mke wa fundi.

Mke alifika kesho yake mchana, gauni limekunjamana. Alikuwa amemwacha binti akilalamika mgongo, akadhani ni uchovu wa kulala. Haukuwa uchovu. Uchungu ulimshika binti basi lilipokuwa njiani, na jirani aliyebisha hodi alimkuta sakafuni. Binti aliokolewa. Mtoto hakuwahi kulia. Hakuna aliyeweza kusema kama mama angekuwapo mambo yangekuwa mengine, na hilo ndilo lililowatafuna wote wawili hadi uzeeni.

Habari hiyo mke aliipokea kwa simu akiwa amekaa kando ya kitanda cha mumewe. Fundi alimwona akishusha simu taratibu na kuiweka mapajani, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Niliogopa ungeghairi safari," alisema kwa sauti iliyokauka.

Mkewe aliutazama mguu uliofungwa bandeji, mfupi kuliko mwenzake. Hakumkemea, na fundi alitamani mno kukemewa.

"Ningeghairi siku moja, baba," alisema. "Asubuhi ningekupeleka zahanati. Jioni ningepanda basi."

Akajifunika uso kwa mtandio, na fundi akageukia ukutani. Kweli walisema wahenga: usipoziba ufa, utajenga ukuta.