Waliopelekwa Kupalilia Mchicha

Walimu mliokaa upande ule wa dirishani, naomba leo msininunie. Katika mahubiri haya nina mfano wa shule, na huyo mwalimu mkuu aliye ndani yake simjui, nimemtunga mwenyewe. Akifanana na mtu, basi bahati yake mbaya.

Palikuwa na shule moja ya msingi, ya serikali, kama hizi zetu, madawati machache na watoto tele. Darasa la tatu peke yake lilikuwa na watoto themanini, na katika hao, thelathini walikuwa hawajui kusoma. Sisemi kusoma kwa kusitasita. Hawajui kabisa! Mmoja wao alikuwa binti wa miaka kumi, mchangamfu kweli kweli. Alikuwa anamsikiliza jirani yake akisoma, anakariri, halafu anashika kitabu na kutamka yale yale huku macho yake yako kwenye picha.

Siku moja ikaja barua kutoka chuo kikuu. Watafiti wa elimu walikuwa wanatafuta shule ya kushirikiana nayo kwa miaka miwili. Walitaka wakae na walimu, waone watoto wanakwama wapi, wajaribu pamoja njia za kuwafundisha. Wangekuja Jumanne kulipima darasa la tatu. Mwalimu wa darasa akawaambia watoto wake, "Wanakuja watu wa kutusaidia kusoma." Basi yule binti akaenda nyumbani akafua sare yake, akaianika kwenye ua, akamtangazia kila aliyepita, "Mimi Jumanne naanza kusoma!"

Haya. Jumanne asubuhi mwalimu mkuu akamwita mwalimu wa darasa ofisini. Mnajua shule zetu mgeni akija: mawe ya njiani yanapakwa chokaa, na wanaojua kujibu wanakaa mbele. Mnacheka? Ngojeni kidogo.

"Wale thelathini wape majembe," akasema. "Wakapalilie mchicha mpaka wageni waondoke."

"Lakini mwalimu mkuu, si hao ndio wanaofuatwa na wageni?"

"Unataka tuaibike? Wapeleke, bwana!"

Wakapelekwa. Yule binti alilima na sare yake safi, na kila mara akiinua kichwa kutazama njia, maana alidhani wageni watawafuata huko huko bustanini.

Wageni wakafika, mama mmoja mtafiti na wenzake wawili. Wakaletewa watoto hamsini, wakaambiwa darasa ndilo hilo. Wakawaita mmoja mmoja. Ndugu zangu, watoto walisoma! Walisoma bila kukwama. Mwalimu mkuu alikuwa anatembea nyuma yao, mikono mgongoni, raha tupu. Mchana yule mama akakusanya karatasi zake, akampa mkono.

"Hongera sana, mwalimu mkuu. Sisi tunatafuta shule ambayo watoto wameshindwa kusoma. Hapa kwako sijamkuta hata mmoja. Itabidi twende kwa wenzenu wa ng'ambo ya bonde."

Angeweza kusema, jamani. Dakika ile ile angeweza kusema, "Mama, ngoja, wapo wengine." Kingempata nini? Aibu ya dakika tano! Lakini aliwasindikiza wageni, na njia ikawapitisha kando ya bustani. Yule mama akasimama.

"Na hawa je?"

"Hawa?" akasema mwalimu mkuu. "Hawa si wetu, mama. Ni watoto wa mtaani tu, wanatusaidia."

Yule binti alisikia. Akaweka jembe chini, akajipangusa mikono, akasogea na sare yake yenye nembo ya shule kifuani. Akauliza kwa heshima, kwa sababu kweli alikuwa haelewi:

"Shikamoo mwalimu. Kwani sisi ni wa shule gani?"

Mfano wangu unaishia hapo. Mnataka kujua mwalimu mkuu alijibu nini? Bado hajajibu. Mwanzoni niliwaambia simjui. Niliwadanganya, na Mungu anisamehe. Namjua vizuri sana. Ndiye mimi, na wewe unayemtazama mwenzako wa pembeni, ndiye wewe.

Sisi kila Jumapili tunamletea Mungu wale hamsini. Tunaleta kwaya, tunaleta shati lililopigwa pasi, tunaleta sala isiyokwama hata neno moja. Na wale thelathini tumewaacha wapi? Ile hasira inayowafanya watoto wako wanyamaze ukiingia mlangoni, umeiacha wapi? Mimi nina mdogo wangu, tumbo moja, sijamsalimia tangu tulipomzika mama. Mtu akiniuliza habari zake nasema yuko mbali. Anakaa hapo stendi! Inaniuma kuwaambia, lakini nimemficha miaka minne, halafu napanda hapa kuhubiri upendo. Tunamkaribisha aliyekuja kusaidia, tunamwonyesha kwamba hatuhitaji msaada, halafu tunarudi nyumbani tukilalamika kwamba hatubadiliki.

Yule mgeni hajaondoka. Bado amesimama pale kando ya mchicha, na mtoto ameuliza. Mimi leo nataka nijibu mbele yenu: Bwana, huyu ni wa kwangu, na hajui kusoma. Wewe wa kwako utamwambia ni wa nani?