Inchi Tisa Kutoka Ardhini

Mpiga ngoma hulewa mlio wake. Kadiri inavyorindima ndivyo anavyozidisha mkono, na kwa kuwa masikio yake yamejaa utamu, yeye huwa wa mwisho kuuona ufa kwenye ngozi. Wahenga waliliona hilo wakasema: ngoma ikilia sana hupasuka. Mama mmoja mshonaji aliijua methali hii tangu utotoni, lakini aliielewa siku moja tu, akiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, maji yakimfika vifundoni.

Mama huyo alikuwa mjane. Marehemu mumewe, fundi wa magari, alimwachia cherehani, binti na mwana, na gari jekundu la mbio lenye milango miwili ambalo alilifufua mwenyewe kutoka chuma chakavu kwa muda wa miaka sita. Marehemu aliliendesha kama mtu aliyepakata mayai. Lakini gari liliporithiwa na mwanawe, kijana wa miaka ishirini na mitatu ambaye wenzake walimwita Kimbunga, mayai yote yalivunjika.

Siku moja Kimbunga alirudi nyumbani na boksi. Ndani yake mlikuwa na bomba la kuvutia hewa, linang'aa kama kioo, na chujio jekundu lenye umbo la pia. Alifungua boneti, akaling'oa kasha jeusi la plastiki lililofunika chujio la zamani, akalitupa jaani.

"Mama, gari hili lilikuwa linapumua kwa tundu moja la pua. Sasa litapumua kwa mdomo wazi! Nguvu za farasi kumi na tano zaidi. Imeandikwa hapa kwenye boksi."

"Hata boksi la sabuni limeandikwa nguo hazitapauka," mama akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye pindo.

Kijana alipoondoka, mama alikwenda jaani akaliokota lile kasha. Kwenye kifuniko chake alama za vidole vya marehemu zilikuwa bado zimeganda kwa grisi. Aliliosha ndani tu, akaliweka chini ya cherehani, akatia nyuzi zake humo.

Tangu siku hiyo amani ilimtoka. Gari lilipowashwa, vioo vya madirisha vilitetemeka na sindano zikacheza ndani ya kopo. Lilipokwenda mbali alisikia ngurumo yake hadi kona ya tatu, na iliponyamaza ghafla, mkono wake nao ulinyamaza juu ya kitambaa. Alikuwa akisubiri. Hakujua anasubiri nini, lakini kila jioni alisali sala ileile: Ee Mola, mrudishe akiwa mzima.

Jirani yao, Mzee Spana, aliyefanya kazi karakana moja na marehemu, alichoshwa na kelele. Alikuwa mtu wa kulalamikia mgongo wake kuanzia asubuhi hadi magharibi, lakini kwenye injini hakuwa na mchezo.

"Wewe Kimbunga, maneno hayapandi mlima. Twende tukalipime."

Wakaenda kwenye mteremko wa tangi la maji. Mama akashika saa ya mkononi ya marehemu, na nyuzi zikamwagwa kwanza ili kasha la zamani lirudishwe kwa muda. Kwa kasha, gari lilipanda kwa sekunde kumi na tisa. Kwa bomba jipya, kumi na tisa. Mara ya tatu, injini ikiwa imechemka, bomba jipya lilichukua sekunde ishirini na moja.

"Saa mbovu hiyo!" Kimbunga akasema.

"Saa ya baba yako," mama akasema.

Mzee Spana alicheka mpaka akashika kiuno. "Kasha la zamani linavuta hewa ya baridi kutoka nje, juu ya taa. Hili bomba lako linavuta fukuto la injini yenyewe. Kilichoongezewa nguvu hapa ni masikio yako, kijana."

Kimbunga alinuna kutwa nzima. Kesho yake akatangaza kwamba kama tatizo ni joto, basi dawa ni rahisi. Akaunga kipande kingine cha bomba, akalipitisha chini hadi nyuma ya bampa, mahali penye upepo wa baridi. Walipopima tena, saa ilisema kumi na nane na nusu.

"Mnaona? Mnaona sasa?" Akarukaruka kama mtoto.

Mzee Spana hakubisha. Aliinama kwa kuugulia mgongo, akachungulia chini ya bampa, na aliponyanyuka kicheko kilikuwa kimemtoka. "Nusu sekunde umeipata, ni halali yako. Lakini pua umeishusha mpaka magotini. Mtu akipaliwa na maji hukohoa akapona. Injini haikohoi. Huvunjika."

"Mzee, mimi naendesha gari, siendeshi mtumbwi."

Mama aliitoa futi yake ya kushonea shingoni, akapiga magoti, akapima kutoka ardhini hadi mdomo wa bomba. Inchi tisa. Namba ile ilimkaa moyoni kama pini iliyosahaulika ndani ya pindo, ambayo haikuchomi mpaka siku ukikaa vibaya.

Msimu wa mvua ulipoanza, binti yake mkubwa alikuja kungojea uzazi wake wa kwanza, maana mumewe alifanya kazi mbali. Muuguzi alikwishawaonya: mtoto ametanguliza miguu. "Uchungu ukianza, msingoje wa pili. Njooni."

Ulianza Jumanne asubuhi, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri. Mzee Spana aliposikia mayowe alilileta gari lake langoni, pikapu kuukuu lililoinuka juu, linalotingishika kama kitanda kibovu.

"Na hilo konokono? Tutafika mtoto keshaanza shule!" Kimbunga alikuwa ameshafungua mlango wa gari jekundu. "Dada, kaa mbele hapa. Mama, pita nyuma. Dakika nane tu, naapa!"

Mama alisimama katikati ya magari mawili, mvua ikimpiga utosini. Moyo wake ulisema pikapu. Lakini binti alipiga ukelele mwingine, na lile gari jekundu likanguruma kwa nguvu hata akaona kwamba kitu chenye sauti kama ile hakiwezi kushindwa. Hofu ina tabia hiyo, humkimbiza mtu kwenye kelele. Akaingia.

Walifika bondeni, karibu na kiwanda cha mbao. Barabara ilikuwa imegeuka maji ya rangi ya udongo. Mama alipita pale kwa miguu kila juma. Alivijua vile vigingi vyeupe vya kando ya barabara, kwamba humfika gotini. Sasa vilikuwa vimebakiza vichwa tu.

"Mwanangu, simama. Inchi tisa."

"Inchi tisa nini, Mama?"

"Pua ya gari. Nimeipima mwenyewe. Maji hayo yanakaribia goti!"

"Nikikanyaga mafuta tutapita kabla hayajatujua!"

"Mdogo wangu, msikilize Mama," dada yake alinong'ona huku ameuma ncha ya kanga. Lakini sauti yake ilimezwa na ngurumo.

Maji yaliruka pande zote mbili kama mbawa. Gari lilinguruma kuliko siku zote. Kisha ukasikika mpigo mmoja, kama nyundo juu ya chuma kitupu, na kila kitu kikanyamaza. Ilibaki mvua, na pumzi za binti. Kimbunga alizungusha ufunguo. Tk. Akazungusha tena. Tk. Maji ya baridi yakaanza kuingia chini ya milango, yakamfika mama vifundoni, naye akiwa nyuma, hana mlango wake.

"Mama," binti akasema taratibu mno, "chupa imepasuka."

Kimbunga aligeuka. Uso wake haukuwa na damu. "Mama, nifanye nini?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza hivyo tangu baba yake azikwe.

Mama alilitaja jina la Mola. Ndipo nyuma yao ikasikika tingitingi ya kitanda kibovu. Mzee Spana alisimamisha pikapu ukingoni, akayatazama maji, akayaingia polepole kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Pua ya gari lake ilikuwa juu, karibu na kioo.

"Mbebe dada yako," aliagiza. "Wewe panda nyuma. Na funga domo, leo si siku ya kubishana."

Kimbunga alisafiri kwenye bodi la pikapu, analowa, na katika njia yote hakuinua kichwa.

Hospitalini mlango ulifungwa. Mama alikaa kwenye benchi, akaishika futi yake kama tasbihi, akipitisha kidole inchi baada ya inchi. Alipofika tisa alianza upya. Mara akasikia nyuma ya mlango sauti za wauguzi zikiharakisha, kisha kimya. Alikitambua kimya kile. Ni kilekile cha bondeni. Alihesabu moja, mbili, tatu... na alipofika saba, mtoto akalia.

"Mngekawia robo saa," daktari alisema akivua glavu, na sentensi hakuimaliza.

Wiki iliyofuata Mzee Spana aliifungua ile injini. Mkono wa pistoni ulikuwa umepinda kama ndoana, na ubavu wa injini ulikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Kimbunga aliutazama mkono ule muda mrefu, kisha akaja kusimama mlangoni kwa mama yake.

"Mama, lile kasha la baba bado lipo?"

Mama alizitoa nyuzi, moja baada ya moja, akampa. Hakumkemea. Kijana alilipokea kwa mikono miwili, akakiona kifuniko, akaweka vidole vyake taratibu juu ya alama za vidole vya baba yake. Ndani, mtoto mchanga alikuwa akipumua usingizini, bila mlio wowote. Nusu sekunde ya mlimani ilitaka kuchukua roho mbili bondeni. Kweli, ngoma ikilia sana hupasuka.