Kwa Nini Pua ya Sungura Haitulii

Mniwie radhi mapema, maana kisa hiki nitakiharibu. Wapo waliokijua vizuri kuliko mimi, ila wote wameshatangulia mbele ya haki, mkabakiwa na mimi. Vumilieni.

Palikuwa na wakati pua ya sungura ilitulia tuli kama kitasa cha mlango. Sungura ndiyo kwanza alikuwa ametoka porini kuja kuishi na watu, na nyumba ya kwanza kumpokea ilikuwa ya Bi Somoe na mumewe, Shebwana. Alikuja mama sungura na mwanawe mweupe, Kipamba, aliyekuwa ameacha kunyonya juzi juzi.

Bi Somoe alimpenda Kipamba kupita kiasi. Na kwao mgeni hakupewa chakula cha kila siku. Alipewa kile kilichofichwa kabatini. Basi asubuhi mkate wa kumimina, mchana ndizi mbivu, jioni halua. Mama sungura alijua fika kwamba tumbo la mtoto wake lilihitaji nyasi kavu, lakini kumwambia mwenyeji "sitaki" kulikuwa sawa na kumtukana. Kipamba akala, akashukuru, akaongezwa.

Siku moja tumbo likamvimba, likawa gumu kama ngoma iliyowambwa juani. Akalala ubavu, hali, hanyi, macho yamefifia. Bi Somoe akaangua kilio, akaikimbilia dawa pekee aliyoijua: halua nyingine.

"Onja kidogo, mwanangu. Kidogo tu, roho ya bibi yako itulie."

Hapo mama sungura akausahau ugeni. "Bi Somoe, dada yangu, mapenzi yako yananiulia mtoto!"

Akarukia kitanda, akalichana godoro, ambalo enzi hizo lilijazwa nyasi kavu, akamtia mwanawe unyasi mmoja mdomoni. Kipamba akatafuna kwa taabu. Akamtia mwingine, akamnywesha maji, akaendelea hivyo hivyo.

Shebwana naye, kashiba chakula cha mchana, akaja kujinyoosha. Akajitupa kitandani kwa mazoea, akapokewa na kamba tupu.

"Somoe! Godoro langu liko wapi?"

"Linaliwa, baba. Nyamaza, mgonjwa anatafuna."

Wakamtazama Kipamba. Jua lilikuwa limeshainama ndipo vikadondoka mkekani vidonge vya mavi, vyeusi, vya mviringo, vizuri ajabu. Bi Somoe akapiga vigelegele. Majirani wakaja mbio wakidhani kuna posa, wakaonyeshwa mavi. Nao wakapiga vigelegele.

"Sasa mgeni akiona haya kukataa, nitajuaje?" Bi Somoe akauliza, akijifuta machozi.

"Itazame pua," akajibu mama sungura. "Kuanzia leo tutaichezesha; ikicheza, ujue anauliza: hii ni nyasi, au ni mapenzi yako tena?"

Ndiyo maana mpaka leo pua ya sungura inacheza bila kupumzika, na anayemfuga mtoto wa sungura humtangulizia nyasi kavu na maji safi, kisha majani mabichi kidogo kidogo tumbo lizoee, na vitamu akavila mwenyewe.

Mimi nami nilijaribu kuchezesha pua mbele ya sinia la pilau la shemeji yangu. Shemeji hana kosa: pua ilikataa vizuri kabisa, ila mkono ulikuwa umeshafika.