Futi Iliyobaki Mkobani

Kaeni tu, wapendwa. Leo sitapaza sauti. Nina kisa kimoja, nami nitakisimulia kama kilivyo, kisha kila mtu atajipima mwenyewe.

Kulikuwa na mwalimu mmoja ambaye kwa miaka kumi na saba alifundisha darasa la watoto tisini. Tisini, wapendwa! Wa mbele aliwajua kwa majina, wa nyuma aliwajua kwa vikohozi vyao. Alikuwa mwalimu mzuri, msinielewe vibaya. Mwandiko wake ubaoni ulikuwa wa kupendeza, na hakuwahi kuingia darasani bila andalio la somo. Ila alikuwa amechoka, na alitaka jambo moja kabla hajastaafu: kufundisha watoto anaowajua.

Akasikia kuna shule ndogo inatafuta mwalimu. Shule yenyewe ilikuwa ya aina yake. Wazazi wachache waliianzisha wenyewe kando ya kijito. Ilikuwa na watoto arobaini na watatu, haina kengele, haina sare, na hakuna mtoto aliyeambiwa kwamba ameshika nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Watoto walijifunza kwa kufanya. Walimu wenzake wakamcheka: "Hiyo ni shule au unaenda kutembea?" Yeye siku hiyohiyo aliandika barua mbili, moja ya kuomba kazi kule na nyingine ya kuacha kazi huku. Mnaona alivyojiamini? Au tuseme, mnaona alivyotamani?

Walioitwa walikuwa wawili, yeye na dada mmoja aliyekuwa na miaka mitatu tu kazini. Mkuu wa shule, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, akawaeleza utaratibu.

"Hapa hatuna usaili wa mezani," alisema. "Kila mmoja nampa watoto kumi na mmoja. Wiki ya kwanza mtawafundisha kuchora ramani ya eneo letu. Wewe mwalimu, upande huu wa kijito, wewe dada, upande ule. Wiki ya pili mkae nyumbani. Jumatatu inayofuata mje tuongee."

"Hiyo wiki ya pili ni ya kamati kukaa na kujadili?" mwalimu akauliza.

"Ni ya kuangalia," mama akajibu.

Mwalimu akaelewa kwamba wataangalia makaratasi yake. Nani kati yetu asingeelewa hivyo?

Basi akaanza. Alikuja na futi yake ya kupimia, ile ndefu ya kujikunja, na karatasi za manila, na kalamu za rangi. Aliwafundisha watoto wale kama mtu aliyetoka kifungoni. Aliwatungia wimbo wa mita na sentimita. Futi aliishika mwenyewe ili vipimo visipotoke, na mtoto akichora mstari uliopinda, aliufuta taratibu bila kumgombeza, akamnyooshea. Kufikia Jumatano aliwajua wote kumi na mmoja kwa majina, na alijua bibi wa nani anaumwa. Ijumaa ramani ikabandikwa ukutani, safi, kila chumba mahali pake. Akawaachia karatasi nyingine nyeupe waendelee na uwanja wa mpira. Wakamng'ang'ania hadi getini: "Mwalimu, usiende!" Njiani alilia, wala hakujificha.

Siku zile alikuwa akitupa jicho ng'ambo ya kijito. Yule dada hakuwa na futi. Aliwapa watoto kamba, akawaacha wabishane wapige mafundo wapi. Asubuhi nzima kelele! Wakapima jiko mara mbili, wakapata majibu mawili, wakamkimbilia. Naye akawauliza, "Sasa tufanyeje?" akakaa juu ya jiwe. Hadi Ijumaa ramani yao ilikuwa imefika kwenye banda la kuku tu, na hilo banda walilichora kubwa kuliko madarasa yote. Mwalimu alimwonea huruma kabisa. Alisema moyoni, maskini, bado mgeni kazini.

Wiki ya pili alikaa nyumbani. Shati la Jumatatu alilipiga pasi mara tatu.

Jumatatu watoto wakamwona kwa mbali, wakatimua mbio wakamrukia, huyu shingoni, huyu mkononi. "Mwalimu karudi! Mwalimu karudi!" Yule mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Wanakupenda sana."

"Na mimi nawapenda, mama."

"Naona," akasema, akamwingiza darasani.

Ramani ilikuwa ukutani vilevile. Kando yake ile karatasi ya uwanja wa mpira, nyeupe, haina hata nukta. Mama akamwita binti mmoja. "Wiki nzima mmefanya nini?"

"Tulikuwa tunamsubiri mwalimu."

"Mbona uwanja hamkuupima?"

"Futi hatuna."

Mama akamgeukia. "Futi iko wapi, mwalimu?"

Mwalimu akaugusa mkoba wake. "Ninayo hapa. Nilihofia wangeipoteza."

Mama akatoka naye nje. Akamvusha kijito. Kule hakuna aliyewakimbilia. Watoto walikuwa wamelala kifudifudi juu ya ramani ya karatasi nne zilizogandishwa kwa uji. Banda la kuku lilikuwa limerudi kwenye ukubwa wake. Kamba ya kwanza ilikatika, wakasokota nyingine. Wenyewe walimwendea jirani, wakamwomba ruhusa ya kupita shambani kwake, wakakifuata kijito mpaka kwenye chemchemi kinakoanzia. Wawili walikuwa wakigombana kuhusu kona moja.

"Madam wenu anakuja leo," mama akawaambia.

"Nani?" mtoto mmoja akauliza bila kuinua kichwa. "Aa, yule madam. Anaitwa nani vile?"

Mama akamtazama mwalimu. "Kazi nimempa yeye," alisema. "Wewe wamekulilia wiki nzima. Yeye hakuna aliyemkumbuka."

Kisa kinaishia hapo, wapendwa. Huku amekosa kazi, na kule alikotoka aliacha. Nawaona wengine mnakunja uso, mnasema yule mama ni mkatili. Pengine. Lakini hebu niulize: kosa la mwalimu lilikuwa nini? Aliwapenda watoto, sina shaka na hilo hata kidogo. Ila alipenda zaidi kuhitajika, na akadhani ni kitu kilekile.

Na sisi je? Kiongozi wa kwaya akisafiri, mbona Jumapili tatu tunaimba wimbo mmoja? Wewe baba, kwa nini hakuna mtoto wako anayejua mpaka wa shamba lenu uko wapi? Wewe mama mkubwa wa jikoni, tangu lini kuna binti amewahi kukoroga pilau la harusi hapa huku wewe umekaa? Tukiulizwa, wote tuna jibu la mwalimu yule: nilihofia wangeharibu, nilihofia wangepoteza. Tunajiita watumishi, kumbe tumetembea na futi mkobani miaka yote, na watu wa Mungu wamekaa mbele ya karatasi nyeupe wakitusubiri.

Bwana wetu alikaa na wanafunzi wake miaka mitatu tu. Alipowaacha walikuwa bado wanabishana nani mkubwa, ramani yao imefika kwenye banda la kuku. Hata hivyo akaondoka, na kazi akawaachia. Je, hakuwapenda?

Nisije nikawanyooshea kidole ninyi peke yenu. Ufunguo wa kanisa hili umelala mfukoni mwangu miaka tisa. Wazee wameuomba mara ngapi? Nami nimewajibu nini? Mnakumbuka nilivyowajibu.

Huu hapa. Nauweka mezani. Jumapili ijayo sitakuwepo, na sijampanga mtu wa kuhubiri.